Weusi Haupimwi kwa Gramu: Kweli na Uongo Kuhusu Karatasi za Picha Nyeusi na Nyeupe

Picha ya rangi husamehe mengi. Wekundu wa kanga na buluu ya bahari huteka macho, na udhaifu wa karatasi hupita bila kuulizwa. Picha nyeusi na nyeupe haina pa kujificha. Ikishatoka kwenye printa kinachobaki ni weusi wa wino, weupe wa karatasi na ngazi za kijivu zilizo baina yao, na katika yote matatu karatasi ina usemi zaidi kuliko wapigapicha wengi wanavyokubali.

Wauzaji wanalijua hilo, ndiyo maana karatasi za sanaa zimezungukwa na madai chungu nzima. Baadhi ni kweli. Mengine yalikuwa kweli enzi za wino wa zamani. Mengine ni maneno ya dukani tu. Nimechukua yale yanayosikika mara kwa mara nikayapima moja moja. Nazungumzia printa za inkijeti, yaani zile zinazonyunyiza wino, na karatasi zilizopakwa tabaka maalumu la kuupokea wino huo. Karatasi zisizong'aa nitaziita mati, na zenye mng'ao nitaziita glosi.

"Karatasi nzito ndiyo bora."

Uongo.

Uzito wa karatasi hupimwa kwa gramu kwa mita ya mraba. Karatasi ya fotokopi ni gramu 80. Nyingi za sanaa ni kati ya 190 na 350. Muuzaji akitaka kukushawishi hukupa uishike, na mkono hudanganyika upesi, maana kitu kizito hudhaniwa kuwa cha thamani.

Lakini wino hauzami mpaka chini. Hukaa kwenye tabaka jembamba la juu, lenye vitundu vidogo mno vya silika au alumina, vinavyonyonya maji na kuiacha rangi karibu na uso. Tabaka hilo ndilo linaloamua weusi utakuwa mzito kiasi gani na ncha za kope zitakuwa kali kiasi gani. Chukua Photo Rag ya Hahnemühle, kiwanda cha Ujerumani kilichoanza kutengeneza karatasi mwaka 1584. Huuzwa kwa gramu 188, 308 na 500. Uso wa kuchapia ni wa aina moja, kinachotofautiana ni mwili. Ya 188 inafaa kitabu cha kushona kwa mkono, ya 308 hutulia kwenye fremu, na ya 500 printa nyingi ndogo zitaikataa mlangoni. Picha ikishakuwa nyuma ya kioo hakuna mgeni atakayeujua uzito wake.

"Mati haiwezi kutoa weusi wa kweli."

Kweli kwenye kipimo. Ukutani, inategemea.

Weusi wa picha iliyochapwa hupimwa kwa densiti. Karatasi nzuri ya mati ikipewa wino unaoifaa hufika densiti ya 1.6 au 1.7. Glosi na barita, karatasi ya mng'ao yenye tabaka la bariamu nitakayoieleza baadaye, hufika 2.3 na kupita. Namba hizo huonekana kukaribiana kwa sababu ni za logarithimu. Maana yake ni kwamba sehemu nyeusi kabisa ya mati bado inarudisha kama asilimia 2 ya mwanga unaoiangukia, ilhali ile ya glosi inarudisha nusu ya asilimia moja. Hiyo ni mara nne. Ziweke ubavu kwa ubavu mezani na hutahitaji kipimo chochote: weusi wa mati utaonekana kijivu kizito.

Sababu ni umbile la uso. Uso laini wa glosi hurudisha mwanga upande mmoja. Ukisogea hatua moja umeukwepa, na weusi unabaki mtupu. Uso wa mati una vilima na mabonde ambayo jicho haliyaoni, nayo huutawanya mwanga kila upande. Popote usimamapo, kiasi fulani kitakufikia na kuupaukisha weusi.

Hadi hapo wenye madai wana haki. Sasa itundike picha. Jicho halisomi densiti. Hulinganisha kilichopo na kilicho jirani. Picha ya mati ikiwa peke yake, bila barita pembeni ya kuiaibisha, baada ya muda mfupi jicho hukubali kwamba sehemu yake yenye giza kuliko zote ndiyo nyeusi. Halafu kuna kioo. Kioo cha kawaida cha fremu hurudisha takriban asilimia 8 ya mwanga, asilimia 4 kwa kila uso wake. Dirisha likiwa mkabala, mwanga huo utaifunika picha na kuimeza kabisa ile tofauti ya asilimia 2 na nusu asilimia. Aliyechapa kwenye barita ya gharama kisha akaifunika kwa kioo cha bei rahisi amelipia weusi ambao hakuna atakayeuona.

Kwetu kuna jambo la ziada, na ndilo linalonifanya niikalie kauli hii kuliko nyingine. Uso wa mtu mweusi uliopigwa kwa mwanga wa dirisha hukaa sehemu ya chini ya ngazi ya kijivu: shavu, kivuli cha taya, shingo, nywele mbele ya ukuta wenye giza. Ni hapohapo mati inapobana. Toni zilizokuwa nne kwenye skrini huingia karatasini zikiwa mbili, na nywele zikamezwa na ukuta. Mtu anatoka kwenye picha akiwa bapa, kisha lawama anapewa mpigapicha kwamba hajui kumulika.

Dawa si lazima iwe kununua barita. Chapa ngazi ya kijivu, kutoka nyeusi kabisa hadi nyeupe, kwenye karatasi unayoikusudia. Iache ikauke, kisha tafuta ngazi ya kwanza ambayo jicho lako linaitofautisha na nyeusi. Chini ya hapo usiweke chochote chenye maana. Inua vivuli vya uso mpaka vivuke mstari huo, na nyeusi kamili uiachie vitu visivyo na la kusema: ufa wa mlango, mboni ya jicho, giza la chini ya meza. Profaili ya karatasi, faili linaloieleza kompyuta jinsi karatasi hiyo inavyopokea wino, itakusaidia kuyaona haya kwenye skrini kabla hujapoteza wino, ila ngazi iliyochapwa husema wazi zaidi.

Uamuzi wangu ni huu. Picha za usiku, za moshi wa jikoni, za sura iliyotoka gizani, zinataka barita. Ukungu wa asubuhi, mchanga, ngalawa za mbali, mikono ya bibi kwenye mwanga laini, hizo ni za mati, na glosi ikiziparamia huziharibu kwa kelele za mng'ao wake.

"Karatasi nyeupe zaidi hutoa picha bora zaidi."

Uongo, tena wa gharama.

Weupe mkali wa karatasi nyingi hautoki kwenye pamba wala kwenye mbao. Hutoka kwenye ving'arishi, kemikali zinazomeza miale ya urujuanimno ambayo jicho haliioni, na kuitoa tena ikiwa mwanga wa buluu. Ni jamaa wa zile zilizomo kwenye sabuni ya unga, zinazoifanya kanzu iliyofuliwa jana iwake kibuluu kwenye jua la saa nne na kurudi kuwa nyeupe ya kawaida mvaaji akiingia ndani.

Neno ni hilo la kuingia ndani. Ving'arishi bila urujuanimno havifanyi kazi, na taa za LED zilizojaa majumbani na kwenye kumbi za maonyesho karibu hazitoi miale hiyo kabisa. Kioo cha kuzuia urujuanimno nacho huikata kabla haijafika kwenye picha. Kwa hiyo karatasi uliyoichagua mlangoni mwa duka, ukiwa umeielekeza juani, siyo utakayoiona sebuleni. Weupe uliolipia umebaki nje.

Kisha kuna uzee. Ving'arishi huchoka kwa mwanga. Vikichoka, karatasi hurudi kwenye rangi yake ya asili, ambayo mara nyingi huelekea umanjano kidogo, na haifanyi hivyo sawasawa: ukingo uliofichwa na fremu hubaki kama ulivyokuwa. Kwenye picha ya rangi huenda usigundue. Kwenye nyeusi na nyeupe, sehemu angavu za picha ni karatasi yenyewe. Ikibadilika karatasi, imebadilika picha.

Watengenezaji wanalielewa hili, ndiyo maana huuza pacha. Epson ina Hot Press Bright yenye ving'arishi na Hot Press Natural isiyo navyo. Moab ina Entrada Rag Bright na Entrada Rag Natural. Canson hutengeneza Rag Photographique na Platine Fibre Rag, zote za pamba, bila ving'arishi. Ukitaka kuhakiki bila kusoma maelezo, tumia taa ndogo ya urujuanimno, ile ya kukagulia noti bandia. Gizani, karatasi yenye ving'arishi itawaka buluu. Isiyo navyo itanyamaza.

Sisemi ving'arishi ni sumu. Picha ya maonyesho ya wiki mbili, au ya albamu ya kumwonyesha mhariri, haidhuriki. Picha unayomuuzia mtu aitundike mpaka wanawe wairithi ni habari nyingine.

"Pamba hudumu milele, ya mbao hugeuka manjano."

Nusu kweli.

Kinacholigeuza gazeti lililoachwa dirishani ni lignini, kitu cha asili kinachozishikilia nyuzi za mti. Mbao iliyosagwa tu hubaki nayo. Karatasi za sanaa zinazoitwa za alfa-selulosi hutoka kwa mti pia, lakini nyuzi zake zimepikwa na kusafishwa mpaka lignini imetoka, kisha hutiwa kalsiamu kaboneti ya kupambana na asidi. Pamba huanza safari ikiwa mbele kwa sababu ni selulosi karibu tupu na nyuzi zake ni ndefu. Hata hivyo FineArt Baryta ya Hahnemühle na Baryta Photographique ya Canson, zote za alfa-selulosi, si karatasi za kuonea aibu, na pamba iliyojazwa ving'arishi inaweza kubadilika rangi kabla yake.

Isitoshe, karatasi ni nusu ya hesabu. Mwaka 1991 mwanamuziki Graham Nash, akiwa na mwenzake Mac Holbert, alifungua Nash Editions huko Manhattan Beach, California, mojawapo ya karakana za kwanza kuchapa picha za sanaa kwa inkijeti. Mashine yao, Iris 3047 iliyonunuliwa kwa dola 126,000, iliundwa kwa ajili ya kutoa sampuli za kazi za viwanda vya uchapaji. Wao wakaivisha karatasi nene ya pamba, ile ya kuchorea kwa rangi za maji. Karatasi hiyo ingeweza kuishi karne kadhaa. Wino wa siku zile za mwanzo ulififia ndani ya miaka michache ukiachwa kwenye mwanga. Leo mashine hiyo iko kwenye makumbusho ya Smithsonian, Washington. Henry Wilhelm, Mmarekani aliyejitolea maisha yake kupima umri wa picha, hupima printa, wino na karatasi kwa pamoja, na sababu ni hiyohiyo: karatasi peke yake haina umri wa kutangazwa.

Na maneno ya kwenye boksi si kiapo. Epson iliwahi kuuza nchini Marekani karatasi iliyoitwa Archival Matte, jina linaloahidi maisha ya kwenye nyaraka za taifa, kisha ikaibadilisha jina ikawa Enhanced Matte. Badala ya sifa, tafuta kiwango. ISO 9706 ina masharti yanayopimika: kiasi cha asidi, akiba ya alkali, uimara wa karatasi dhidi ya kuchanika.

"Barita ni ileile karatasi ya chumba cha giza."

Nusu kweli tena.

Barita ni bariamu salfeti, unga mweupe usioyeyuka kwenye maji. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 ulipakwa juu ya karatasi za picha, chini ya gelatini yenye chumvi za fedha, ili picha ipate weupe na uso laini. Enzi ya gelatini na fedha ndiyo iliyotupa hazina ya picha za studio, mathalani Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, Zanzibar, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Mteja anapokwambia anataka picha "yenye sura ya zamani", mara nyingi picha za enzi hiyo ndizo zilizo kichwani mwake.

Karatasi ya kisasa huchukua tabaka la bariamu na kuweka juu yake tabaka la kupokea wino. Lakini nyingine hubeba jina na mng'ao bila bariamu ya kuzungumzia. Kwa jicho haidhuru sana. Kinachodhuru ni tofauti ya msingi: kwenye chumba cha giza picha imo ndani ya gelatini, uso mmoja usio na mshono, ilhali inkijeti huacha chembe za wino juu. Iinamishe picha uitazame kwa pembeni. Weusi una mng'ao wake, karatasi tupu ina wake, na wakati mwingine giza hupata rangi ya shaba. Baadhi ya printa za Canon hubeba kimiminika kisicho na rangi cha kuusawazisha uso huo, na kinasaidia.

Kwa weusi peke yake, barita nzuri ya leo hulingana na chumba cha giza au hukipita. Gharama yake ni unyonge wa uso: kucha moja, kipande cha mchanga, karatasi mbili zilizosuguana, na alama haitoki. Ishike kwa glavu za pamba na usizirundike bila kutenganisha.

"Picha nyeusi na nyeupe inahitaji wino mweusi tu."

Uongo.

Printa haiwezi kulipunguza tone la wino makali yake. Hupata kijivu kwa kuyaachanisha matone. Kwenye anga tupu au weupe wa kanzu, matone meusi machache yataonekana kama chengachenga. Ndiyo sababu printa za picha hubeba nyeusi zaidi ya moja. Mwaka 2005 Epson ilileta wino wa UltraChrome K3 wenye nyeusi ya ngazi tatu, kamili, hafifu na hafifu zaidi, pamoja na modi ya nyeusi na nyeupe inayotumia rangi nyingine kidogo sana. Jon Cone wa Vermont, Marekani, alikwenda mbali zaidi kwa mfumo wake wa Piezography: nafasi za rangi kwenye printa hujazwa vivuli vya kijivu. Kadiri kijivu kinavyotegemea rangi kidogo, ndivyo picha inavyobaki na sura moja ukiitoa juani ukaileta chini ya taa.

Uhusiano na karatasi ni huu: nyeusi kamili yenyewe ni mbili, moja ya mati na moja ya glosi. Mati ukiichapa kwa nyeusi ya glosi itapauka. Glosi ukiichapa kwa nyeusi ya mati, wino utabaki juu na kupakaza vidole. Printa huchagua kwa kufuata aina ya karatasi uliyoitaja kwenye programu, kwa hiyo ukiidanganya hapo umejidanganya mwenyewe. Kwenye baadhi ya printa, kama Epson P800, nyeusi hizo mbili hupita njia moja na kila ukibadili wino wa gharama humwagwa. P900 ya mwaka 2020 ilizitenganisha. Mwenye printa ya aina ya kwanza namshauri achague ukoo mmoja, mati au glosi, akae nao.

"Karatasi ya sanaa itaiokoa printa yoyote."

Uongo, na hili liwaendee wenye studio.

Printa za tangi, kama Epson L805 na L1800, hutumia rangi sita za kuyeyuka. Kwa pasipoti na harusi zinafanya kazi safi kwa bei nafuu. Lakini hazina wino wa kijivu, hivyo kila kijivu chake ni mchanganyiko wa rangi, na mchanganyiko huo huwa na mwelekeo: leo kijani kidogo, kesho waridi. Tena rangi ya kuyeyuka ikiwa imefunguka hewani kwenye karatasi ya vitundu hushambuliwa na ozoni. Mwaka 2000 wanunuzi wa Epson Stylus Photo 1270 waliona picha zao zikigeuka rangi ya chungwa katika muda mfupi, na hewa ndiyo iliyokuwa mhusika. Kila rangi hufifia kwa mwendo wake. Kijivu kilichojengwa kwa rangi kadhaa kikianza kubomoka hakipungui tu, hubadilika sura.

Wino wa pigimenti ni chembe ngumu, na nyeusi yake ni kaboni, kitu kisichojali mwanga kirahisi. Kama fedha ni za kitu kimoja tu, tafuta kwanza mtu mwenye printa ya pigimenti umlipe akuchapie. Karatasi ya pamba kwenye printa ya tangi ni fedha iliyotangulia kabla ya wakati wake.

"Printa ya kampuni fulani lazima ipewe karatasi za kampuni hiyo."

Uongo mtupu. Canson, Hahnemühle, Ilford na Moab hawajajenga biashara yao juu ya printa za kwao. Hutoa bure profaili za karatasi zao kwa printa nyingi zinazojulikana. Pakua, fuata aina ya karatasi wanayokuelekeza kuitaja, basi.

"Karatasi yenye mikunjo na vinundu huipa picha hadhi ya sanaa."

Huipa hadhi ya karatasi yenye vinundu. William Turner ya Hahnemühle, iliyoundwa kwa sura ya karatasi ya mchoraji, inaweza kupendeza sana kwenye mawingu na miamba. Kwenye uso wa mtoto, vinundu hupigana na ngozi na mtazamaji hajui atazame kipi. Nyuso zinataka karatasi laini.

"Pande zote mbili ni sawa."

Uongo kwa karatasi nyingi, na kosa lake huonekana mara moja: picha hutoka imepauka na kuchafuka. Kwenye mati pande hufanana, kwa hiyo lowesha kidogo vidole viwili na ubane pembe ya karatasi. Upande unaonata ndio uliopakwa tabaka.

"Picha ikitoka kwenye printa iko tayari kwa fremu."

Uongo, na pwani ni uongo mara mbili.

Wino hukauka kwa mguso ndani ya dakika, lakini vimiminika vilivyomo huendelea kutoka taratibu. Ukiifunga siku hiyohiyo, vitatanda ndani ya kioo kama ukungu. Iache angalau siku nzima, ikiwezekana zaidi, ikiwa imefunikwa kwa karatasi ya kawaida isiyo na asidi, na uibadilishe karatasi hiyo ikilegea.

Kisha unyevu. Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam hewa mara nyingi hubeba unyevu wa zaidi ya asilimia 70, ilhali kuchapa kunapenda kati ya 40 na 60. Karatasi iliyonyonya unyevu hupinda, na pembe zake zikigusa kichwa cha printa utapata mistari ya wino na huenda ukapata hasara kubwa zaidi ya karatasi. Ihifadhi kwenye mfuko wake uliofungwa, toa unazozitumia tu, na chapa baada ya kiyoyozi kufanya kazi kwa muda. Kwenye fremu, picha isiguse kioo: weka kadi ya ukingo iliyokatwa dirisha ili hewa ipite. Kioo kikigusa picha kwenye ukuta wenye unyevu, huganda nayo au kuota kuvu, na hapo mati na barita hazina tofauti. Ukuta unaotazama bahari uachie saa ya ukutani.

"Karatasi bora kuliko zote kwa nyeusi na nyeupe ni..."

Uongo kabla sentensi haijaisha. Iko karatasi inayoifaa picha hii, wino huu na taa ile, na namna ya kuijua haina siri. Hahnemühle na Canson huuza pakiti za sampuli zenye karatasi chache za kila aina. Nunua hiyo kabla ya boksi la karatasi 25. Chagua picha yako moja iliyo ngumu, yenye uso kivulini na kitu cheupe juani. Ichape kwenye kila karatasi, ukibadilisha aina ya karatasi na profaili tu. Andika jina nyuma kwa penseli. Zisimamishe chini ya taa ya mahali picha itakapokaa, kisha mwombe mtu asiyejua bei achague.